Damu Iliyochelewa Kupanda
(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu, mwanachama, siku ya kutimiza miaka kumi)



Awali ya yote namshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi ya kuweka na kukopa. Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nimechagua jambo moja tu: kizunguzungu cha kuinuka.

Wengi mnamkumbuka mwenzetu aliyeanguka hapa hapa mkutanoni, alipoinuka kwenye mkeka kwenda kulipa hisa. Wapo walionong'ona, "Huyu karogwa, wanamwonea kijicho." Mwenyewe alitaka kukopa fedha apeleke kwa mganga. Tulipomhoji taratibu, kumbe alikuwa ameharisha siku mbili, asubuhi ile hakula kitu, na dawa za presha kameza kama kawaida. Akina mama, yule hakurogwa. Damu ilichelewa kupanda.

Mtu akisimama, damu kiasi cha nusu lita au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Inayorudi moyoni hupungua, na presha huanza kushuka. Lakini mwili una walinzi wake. Wako kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye mshipa mkuu utokao moyoni. Presha ikishuka hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo nao, kwa kutumia mishipa ya fahamu inayofanya kazi yenyewe bila sisi kuiamuru, huuambia moyo uongeze mwendo na mishipa ya damu ibane. Yote hayo huchukua sekunde chache. Ukishika mapigo ya mkono baada ya kusimama, utaona yameongezeka kidogo.

Walinzi hao huzidiwa mwili ukipungukiwa maji au damu: kuharisha, kutapika, malaria, kutokwa damu. Huzidiwa pia kwa uzee, kisukari cha muda mrefu, ujauzito na baadhi ya dawa. Hata joto. Sisi wa huku juu Ufipa tumezoea baridi. Tukishuka bondeni, Muze au Ilemba, mishipa hutanuka na jasho hututoka. Kipimo ni hiki: namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3 za kusimama, mwone mganga wa zahanati.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, inuka kwa hatua. Usiku ukitaka kutoka nje, kaa kwanza kitandani, chezesha miguu, ndipo usimame huku umeshika kitu. Shambani nako, ukiwa umeinama na jembe muda mrefu, usinyanyuke ghafla.

Pili, mwenzio akizimia, mlaze chini na umwinue miguu. Siku ile tulikosea: tulimshika mabega tukamsimamisha, akaanguka tena.

Tatu, mama mwenye mimba kubwa asilale chali. Mtoto hukandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni. Alale ubavu, hasa wa kushoto. Na akiumwa kichwa sana, akaona maluweluwe au kuvimba uso, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, msiache dawa za presha kwa sababu ya kizunguzungu. Nendeni mkaeleze, zipangwe upya. Presha ya kupanda huua kimya kimya.

Tano, siku ya kupima kaeni vizuri: pumzika dakika 5, egemeza mgongo, miguu yote chini bila kupishanisha, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Ukikaa ovyo, kipimo kinaweza kudanganya. Na kama huwa unapata kizunguzungu, omba upimwe tena umesimama.

Ndugu zangu, wazee hutuambia Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Basi na tuutupe katika jambo hili, tusije tukamtuhumu jirani kwa kosa la damu.

Mwisho, naomba uongozi ufikirie kununua kipimo cha presha kwa fedha za mfuko wa jamii. Mimi nitapima wanachama kila mkutano, bure, maadamu nina nguvu.

Yule mwenzetu amekaa pale mbele leo, mzima. Mkopo ule hakuupeleka kwa mganga, alinunulia mbegu.