Kesi ni Kesi, Hadithi ni Hadithi: Maelezo ya Walimu juu ya Shindano la Uandishi



Kamati imetuomba sisi walimu tueleze aina za maandishi zitakazopokelewa katika shindano la wanafunzi, ili kila mmoja ajue anaandika nini na atapimwa kwa kipimo gani. Tutafanya hivyo. Lakini hatuna budi kuanza na jambo ambalo wazazi wengi wametuuliza faraghani tangu tangazo lilipobandikwa: "Mwalimu, mtoto wangu akiandika hadithi, haitaingia katika faili letu?"

Swali hili si la kuchekwa. Hapa Dzaleka neno "hadithi" lina uzito wake. Mtu akiulizwa hadithi yake ofisini, hutakiwa kutaja tarehe, majina na njia aliyopita, na jibu la leo lisipolingana na la mwaka juzi, halali usingizi. Kwa hiyo mzazi huona heri mtoto anyamaze kuliko aandike kwamba baba alikuwa seremala, na faili linasema mkulima.

Jibu letu ni hili. Kesi ni kesi, hadithi ni hadithi. Katika kesi, mtu anatoa ushahidi, na ushahidi hauruhusu kuongeza wala kupunguza. Katika hadithi, mwandishi anabuni. Anaweza kumpa baba kazi asiyoifanya, kumfufua bibi aliyefariki, na kuujenga upya mji uliobomolewa. Huo si uongo, maana msomaji naye anajua kwamba anasoma jambo la kubuni. Hata hivyo, ili wazazi watulie, tumekubaliana na Kamati mambo matatu. Kwanza, kila karatasi itaandikwa namba, na jina la mtoto litakaa peke yake katika bahasha. Pili, hakuna andiko litakalopelekwa ofisi yoyote bila ridhaa ya mtoto na mzazi wake. Tatu, shindano likiisha, kila andiko litarudishwa kwa mwenyewe.

Ndugu wananchi wenzetu, mahali tunapoishi panajua thamani ya maneno. Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka palikuwa gereza walimofungwa wapinzani wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Siku zile vitabu vilichujwa na serikali, na mtu aliweza kufungwa kwa ajili ya maandishi. Mshairi wa Malawi, Jack Mapanje, aliyetoa kitabu chake cha mashairi mwaka 1981, alikamatwa mwaka 1987 akawekwa kizuizini katika gereza la Mikuyu, karibu na Zomba, hadi mwaka 1991. Mwaka uleule wa 1994 nchi ilifanya uchaguzi wa vyama vingi, na Dzaleka ikaanza kutupokea sisi. Leo, katika eneo lililokusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000, wanaishi watu zaidi ya 50,000. Mtoto akikaa hapa na daftari lake akaandika apendavyo, hilo ni jambo la kushukuru, na tusilichezee.

Sasa tuingie katika aina zenyewe. Tumechagua tano.

Ya kwanza ni barua. Tunaipendekeza kwa wadogo. Barua ina mwandikiwa, na mtoto anayejua anayemwandikia hapotezi njia. Anaweza kumwandikia rafiki aliyebaki Uvira au Bujumbura, mwalimu wa zamani, au hata mwembe wa nyumbani. Si lazima barua hiyo itumwe.

Ya pili ni insha. Hapa mwanafunzi anatoa wazo na kulitetea. Tunataka hoja moja iliyofuatwa hadi mwisho, yenye mifano aliyoiona kwa macho yake. Insha inayoanza na "Elimu ni ufunguo wa maisha" na kuendelea hivyo hivyo kurasa mbili haitapata alama nyingi, maana hayo tumeyasikia sote.

Ya tatu ni hadithi fupi. Ufupi wake si wa kurasa tu. Inataka tukio moja, watu wachache na muda mdogo. Mwanafunzi akitaka kueleza safari yote kutoka Kongo kupitia Tanzania mpaka Dowa, karatasi zitakwisha hata mpaka hajavuka. Lakini akichukua jioni moja tu, kwa mfano siku moja kabla ya mgao, na kadi ya familia haionekani, na kila mmoja nyumbani anamshuku mwenziwe, hapo ana hadithi. Msomaji atataka kujua kadi iko wapi, na katika kuitafuta ataijua familia yote.

Ya nne ni ushairi. Wanaopenda sheria za kale wajue kwamba shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, nane kila upande, na vina vya kati na vya mwisho. Utenzi ni mwepesi zaidi, maana mizani ni nane tu. Mistari mitatu ya kwanza inafanana kwa kina, na wa nne una kina kinachorudi katika kila ubeti. Tumetunga mfano huu ili watoto wahesabu kwa vidole:

Asubuhi twaamka,
Ndoo zetu twazishika,
Bombani twakusanyika,
Foleni ni ndefu mno.

Mashairi yasiyo na vina yatapokelewa pia. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wataalamu waligombana kama hayo ni mashairi au siyo. Sisi hatutaurudia ugomvi huo. Waliosoma katika kambi za Tanzania wanaijua ngonjera, ile ya kujibizana ambayo Mathias Mnyampala aliieneza. Nayo inaruhusiwa, na wanafunzi wawili wanaweza kuiandika pamoja.

Ya tano ni mchezo wa kuigiza, usiozidi watu watano na usiohitaji vyombo tusivyo navyo. Vijana wetu hawana haja ya kuambiwa kwamba jukwaa linawezekana hapa. Tangu mwaka 2014 tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi mkimbizi kutoka Kongo, limeleta watu kutoka Lilongwe na mbali zaidi kuja kutuona tukiimba na kuigiza.

Mtoto akiwa na ngano aliyoipata kwa bibi, iwe umugani wa Kinyarwanda au Kirundi, au nthano aliyoisikia kwa majirani Wachewa, aiandike katika kundi la hadithi, na aseme aliipata kwa nani.

Kuhusu lugha, kumekuwa na mabishano. Watoto wetu hufanya mitihani kwa Kiingereza, na wengi waliorudishwa kambini mwaka 2023 kutoka Lilongwe na miji mingine wanaandika Kichewa vizuri kuliko Kiswahili. Wengine bado wana Kifaransa. Tumeamua kwamba kila mmoja aandike kwa lugha anayoota nayo ndoto, nasi tutatafuta waamuzi. Asiyeona faida ya Kiswahili akumbuke kwamba nchi za SADC, na Malawi ikiwamo, zilikifanya lugha rasmi ya jumuiya mwaka 2019.

Wenzetu wa mashirika, tunalo ombi kwenu. Mnapotoa zawadi, msitoe kwa machozi tu. Tumeona katika mashindano mengine kwamba mtoto anayeandika vita hushinda, na anayeandika mpira wa miguu husahaulika, hata kama wa mpira ameandika vizuri zaidi. Watoto si wajinga. Wanajifunza upesi kwamba mateso ndiyo yanayonunuliwa, na wengine huazima mateso ya jirani. Anayetaka kuandika alichokimbia aandike, nasi tutamheshimu na kumkalia karibu. Lakini asilazimishwe mtu.

Tumtazame Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefika Uingereza akiwa kijana mkimbizi, na mwaka 2021 akapata tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya yake *Paradise* ilitoka mwaka 1994, na sasa inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Ndani yake hakusimulia safari yake mwenyewe ya kwenda Uingereza. Alimbuni Yusuf, mvulana aliyetolewa kwa mfanyabiashara kwa deni la baba yake, akasafiri na msafara kuelekea bara, zamani za Wajerumani. Mkimbizi aliandika habari za mtu mwingine wa wakati mwingine, na dunia ikamsikiliza. Basi watoto wetu nao wana haki ya kuandika habari za wafalme, za samaki wa Ziwa Tanganyika, na za mwezini.

Wazazi, tunawaomba mtoto mpeni saa moja ya mwanga kabla ya giza, asitumwe maji wala dukani. Msimwandikie, na msimfutie. Akiandika jambo ambalo si kweli katika nyumba yenu, msimpige, bali mwulizeni lilikuja vipi kichwani.

Nanyi wanafunzi, someni kazi yenu kwa sauti kabla ya kuileta. Mahali ulimi unapokwama, ndipo pa kurekebisha. Daftari na kalamu zitagawiwa darasani, na asiyesoma kwa sasa aje kwetu, naye ana nafasi yake.

Kazi tunazingoja.