Nani Anamtishia Nani?

Leo tuongee kuhusu "threaten", kitenzi kisichokosa kwenye mdahalo wowote wa runinga. Kwa Kiswahili ni kutishia, na kama kile cha Kiingereza, kinabeba mambo mawili. Mtu akikwambia "nitakuumiza", amekutishia. Ana nia, ana mdomo, unaweza kumshtaki. Ukame nao unatishia mazao, lakini hakuna polisi wa kuukamata.

Sasa mwanasiasa anasema, "Maandamano yanatishia usalama." Ni ipi hapo? Akibanwa atasema alimaanisha hatari tu, lakini nyinyi mmeshasikia kuna watu wamepanga ubaya. Ujanja uko hapo. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu maandamano ya amani, bila silaha. Hakisemi yasimtie mtu wasiwasi.

Na hii si sarufi tu, jamani. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, inagusa matamshi ya vitisho yanayochochea chuki ya kikabila. Kwa hivyo mimi huuliza: nani amesema atamfanyia nani nini? Kama hakuna jibu, basi sema kuhatarisha, halafu utuonyeshe hiyo hatari iko wapi.