Msaragambo Kwanza, Saruji Baadaye

Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu na harambee ya mwaka



Kazi yetu ni kusoma hesabu. Za mwaka jana mmegawiwa. Risiti zote zipo, mkaguzi amezipitia, hakuna shilingi iliyopotea. Kilichopotea ni maji, na hilo halimo kwenye karatasi mlizoshika.

Mnakumbuka tulichanga ili kukarabati ndiva yetu. Tulikaa mjini, tukapanga mjini, tukatafuta fundi mjini. Saruji ikapanda mlimani, ukuta ukajengwa haraka, tukapiga picha. Masika yalipokuja, ukuta ukapata ufa kando ya mlango wa kutolea maji. Sasa ndiva haijai. Wazee walijua kwamba udongo wa pembe ile hautulii. Hatukuwauliza.

Kibaya zaidi kilifuata. Msaragambo wa kuondoa tope ulipoitishwa, waliojitokeza walikuwa wachache. Kijana mmoja alijibu bila ubaya: "Si watu wa Dar wamelipa? Basi waje wazoe na tope." Jibu lile lilituuma kwa sababu lina ukweli. Tulipopeleka fedha bila kuuliza, ni kama tuliwaambia watu kwamba ndiva si yao tena.

Tukumbushane. Usiku maji ya kijito yanajaza ndiva. Asubuhi mlango unafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Wazee waliendesha mambo haya katika milima yetu kabla ya saruji na kabla ya akaunti za benki. Kilichoshikilia ndiva hakikuwa mawe na udongo pekee. Ni kanuni kwamba anayemwagilia ndiye anayezibua mfereji, na asiyefika msaragambo bila sababu anajibu mbele ya wenzake.

Wala wazee hao hawakuwa watu wa kuamuliwa. Mwaka 1945 maelfu yao walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, iliyopima mali ya kila mtu. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa utaratibu uliopangwa bila wao kuridhia, na mwishowe mbiru ikafutwa. Ni aibu kwamba sisi wajukuu wao ndio tuliokwenda nyumbani na mpango uliokwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo leo hatuombi fedha tu. Tunaomba mkutano huu ukubali mambo matatu.

Kwanza, mpango wa kurekebisha ukuta utoke kwa kamati ya ndiva huko nyumbani, na akina mama wawemo. Wao ndio wanaohangaika na maharage na mboga za kiangazi, na zamu za maji wanazijua kuliko sisi.

Pili, tugawane mzigo. Nyumbani watatoa mawe, mchanga na siku za kazi. Sisi tutatoa yale yasiyopatikana kwa jembe: saruji, nondo, bomba la mlango, gharama ya lori na ujira wa fundi ambaye kamati imemkubali. Fedha zitatoka kwa awamu. Ya pili haitoki mpaka kamati ithibitishe kwamba kazi ya kwanza imefanyika. Kila matumizi yatabandikwa kwenye ofisi ya kijiji, kila mtu asome.

Tatu, daftari letu liwe na safu mbili. Moja ya fedha, nyingine ya siku za msaragambo, jina kwa jina. Mama aliyebeba mawe siku kumi amechanga. Jina lake lichapwe katika kijitabu hiki pamoja na la aliyetoa laki moja.

Wapo watakaosema njia hii itachelewa. Ni kweli. Lakini ukuta uliojengwa haraka tunao tayari, na mnajua hali yake. Chukueni mfano: watu 100 kati yetu wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, kwa mwaka ni milioni 12. Hiyo ni saruji nyingi. Hata hivyo haitoshi kumlipa mtu azibue mfereji kila alfajiri kwa miaka 20 ijayo. Kazi hiyo inafanywa na mwenye mfereji tu.

Desemba tutapanda nyumbani kama kawaida yetu. Mwaka huu tuwahi siku chache kabla ya sikukuu, tushike majembe na makarai, tuzoe tope pamoja na wenzetu. Kijana yule ametualika, twendeni. Makande yatakuwa matamu zaidi tukiwa tumechoka.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho, za fedha na za siku za kazi. Tafadhali jazeni zote mbili.