MSAMAHA WA USHURU KWA VIWANDA: NA SISI TUMO
Hotuba ya wanachama siku ya kutimiza miaka 10

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na vijiji, akina mama wenzetu, ndugu wananchi,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja Mitundu. Vumbi la barabara ya Itigi tunalijua, pole. Mapato na matumizi yatasomwa na mweka hazina. Sisi tumepewa kusema habari ya viwanda, maana kila mkutano tunaambiwa wawekezaji waje, wapunguziwe ushuru.

Hatupingi kiwanda. Alizeti yetu inaondoka kwa gunia, inarudi mafuta ya dukani kwa bei tunayoijua wote. Lakini msamaha si bure jamani. Sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje iliwasamehe wawekezaji kodi ya mapato miaka 10, na ushuru wa serikali za mitaa miaka 10 vilevile. Huo ndio umri wa kikundi hiki. Mtoto aliyezaliwa tulipochonga sanduku la kufuli tatu, leo anachota maji mwenyewe.

Na ushuru huo ndiyo mkopo wetu. Tangu 2018 sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tupige hesabu kama za sandukuni. Zikisamehewa shilingi milioni 10, fungu la akina mama linapungua laki 4. Mikopo hii iliposimamishwa nchi nzima 2023 mpaka 2024, tulibaki na sanduku letu tu, na foleni ilikuwa ndefu.

Wengine wanasema halmashauri ikope, ijenge, mwenye kiwanda atakuja mwenyewe. Ni kweli inawezekana. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ipanue huduma ya maji. Hatifungani msiiogope: wengi wanatoa, mmoja anakopa, anarudisha na nyongeza, kama tufanyavyo sisi. Ila Tanga wanazo bili za maji za kulipia deni. Huku kwetu deni lingelipwa na nini? Ushuru uleule tunaotaka kuusamehe! Mwanachama asiyeweka hisa akaja kuomba mkopo, tunamkatalia, si ndiyo?

Mheshimiwa, ombi letu ni hili. Kabla mwekezaji hajasamehewa, mkutano mkuu wa kijiji usomewe ni shilingi ngapi, miaka mingapi, na alizeti atanunua kwa nani. Kila mwaka tusomewe tena kama ameajiri idadi aliyoahidi. Daftari letu lipo hapo mezani, karibu ulikague. La ushuru nalo tunaomba tuonyeshwe.