Uzima wa Sindano ni Mkono Unaoishika: Namna ya Kumtambua Mtaalamu wa Akupancha

Maneno ya Afisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa kata kuhusu huduma za afya



Naomba nianze na jambo la nyumbani kwangu. Jioni moja shangazi yangu alinipigia simu akiwa na furaha. Ni mkulima, na magoti yamemsumbua kwa miaka mingi. Siku hiyo gulioni alikuja mtu mwenye gari la kipaza sauti, akitangaza sindano za Kichina zinazoponya magoti kwa mara tatu. Shangazi akalipa, akachomwa, akaambiwa aache vidonge vyake vya shinikizo la damu ili sindano zifanye kazi. Nikamuuliza kama aliona pakiti ya sindano ikifunguliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, zilikuwa kwenye kopo lenye spiriti. Watu watatu walinitangulia.”

Usiku ule ule tulimpeleka hospitali. Shinikizo lilikuwa limepanda mno. Alipewa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, akazimeza kwa siku 28, kisha akaambiwa arudi kwa vipimo vya mwisho baada ya miezi mitatu. Majibu, namshukuru Mungu, yalikuwa mema. Lakini katika miezi ile ya kungoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Wewe unafanya kazi halmashauri. Mbona hatukuambiwa?” Maneno yangu ya leo ni jibu la swali hilo, nanyi nyote mnastahili kulisikia.

Ndugu wananchi, akupancha ni nini? Ni tiba ya China yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mtaalamu huingiza ndani ya ngozi sindano nyembamba sana, takriban robo ya milimita kwa unene, katika nukta maalumu za mwili. Nukta zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani ni 361. Sindano hiyo haina tundu wala dawa ndani yake. Huachwa mwilini kwa dakika 20 hadi 30, kisha huchomolewa. Mgonjwa huhisi mchomo mdogo, au uzito na ganzi mahali ilipoingia. Kwa kawaida tiba huhitaji mihudhurio kadhaa katika majuma kadhaa, na anayeahidi kuponya kwa siku moja anajipinga mwenyewe.

Tiba hii si ngeni kabisa kwetu. Madaktari wa China walianza kuja kuhudumu Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, nao wanatoka katika nchi ambako akupancha hufundishwa vyuoni kwa miaka. Sisi wenyewe tuna kuumika na chale, hivyo wazo la kuitibu ndani ya mwili kwa kupitia ngozi halitushangazi.

Je, inafanya kazi? Wataalamu wa China wa zamani walieleza kwamba sindano hufungua njia za nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Wanasayansi wa leo husema kwamba mchomo huamsha mishipa ya fahamu, na ubongo hutoa kemikali za asili zinazopunguza maumivu. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Ujerumani kwa watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa akupancha walikuwa asilimia 47.6, na kwa matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Lakini lilikuwapo kundi la tatu, lililochomwa juu juu mahali pasipo nukta, nalo lilipata asilimia 44.2.

Takwimu hizo zinatufundisha mambo mawili. Kwanza, nafuu ipo, na mwenye maumivu sugu ya kiuno, goti au kichwa hapaswi kuchekwa akiitafuta. Pili, sehemu kubwa ya nafuu hiyo huenda inatokana na mchomo wenyewe, mapumziko, na imani ya mgonjwa kwa anayemhudumia. Siri ya nukta peke yake haitoshi kuieleza. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba nukta zake zinaponya kisukari, kifua kikuu, saratani au Ukimwi, huyo anawadanganya. Akupancha hupunguza maumivu. Haichukui nafasi ya vidonge vya shinikizo, wala ya insulini, wala ya dawa za kufubaza virusi. Dawa ya hospitali haiachwi mpaka aliyeiandika aseme.

Sasa tumtambue vipi mtaalamu wa kweli? Kwa mujibu wa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, anayetoa tiba ya namna hii anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililo chini ya Wizara ya Afya. Hapa wengi hudanganyika: huoneshwa leseni ya biashara iliyowekwa kwenye fremu ukutani, wakaridhika. Leseni ya biashara inaruhusu kuuza. Haimpi mtu ruhusa ya kumchoma mwenzake sindano. Ulizeni cheti cha usajili wa tabibu mwenyewe, na cha kituo anachotolea huduma. Lisomeni jina, mlilinganishe na kitambulisho chake. Kisha muulizeni alisomea wapi akupancha, na kwa muda gani. Mwenye elimu hachukizwi na swali hilo.

Msiposoma kwa urahisi, au mkiwa na shaka, msione haya. Chukueni jina la tabibu na namba ya cheti, mpeleke kwa Mtendaji wa Kata au moja kwa moja katika Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, mumwone mratibu wa tiba asili na tiba mbadala. Kuuliza kabla ya kulipa ni haki ya kila mwananchi, awe na fedha nyingi au kidogo.

Mkishafika kituoni, macho yenu yawe walinzi. Mtaalamu atauliza kwanza kuhusu afya yenu: je, una ujauzito, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo? Asiyeuliza, mkimbieni. Atanawa mikono. Atafungua mbele yenu pakiti mpya iliyofungwa, yenye sindano za kutumika mara moja tu, na akimaliza atazitupa katika boksi la vitu vyenye ncha kali. Sindano iliyolowekwa kwenye spiriti haijatakaswa. Na sindano ya kifuani au mgongoni ikizama kupita kiasi huweza kutoboa pafu; ukibanwa na pumzi baada ya tiba, nenda hospitali bila kuchelewa. Wanaoumikwa kwa kuchanjwa nao wadai wembe mpya kwa masharti hayo hayo.

Na ikiwa tayari umechomwa sindano iliyotumika kwa mwingine, usikae nyumbani kwa aibu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Uliza pia kuhusu kinga ya homa ya ini. Kisha toa taarifa, ili gari lile lisiende kijiji cha pili.

Najua mtaniambia kwamba wataalamu waliosajiliwa wako mijini na nauli ni ghali. Ni kweli. Kwa hiyo, kabla ya safari, anzeni kwa daktari wa kituo chetu cha afya ajue goti linauma kwa nini, na ulizeni kuhusu rufaa ya mazoezi tiba hospitalini. Huenda nafuu ikapatikana karibu zaidi.

Shangazi yangu bado analima. Magoti bado yanauma siku za baridi, lakini vidonge vya shinikizo havikosi kila asubuhi. Ameniagiza niwaambie jambo moja: aliona haya kumuuliza yule bwana karatasi zake mbele ya watu, na haya ile nusura imgharimu uhai wake. Wazee wangu, ulizeni.