Nani Apunguziwe Ada?

Msikilizaji, tangu 2016 sekondari za serikali Tanzania hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini shule za Kanisa Katoliki bado zinategemea mifuko ya wazazi. Hivyo kila punguzo la ada ni suala la haki, na hoja yangu ni kwamba uhitaji upimwe kwanza, alama baadaye. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, la 1965, liliagiza shule hizi ziwajali hasa maskini, waliokosa malezi ya familia, na hata wasio na imani hiyo. Katika agizo hilo vinara wa darasa hawatajwi.

Ugumu uko kwenye kupima. Mkulima wa kahawa au mama lishe hana hati ya mshahara, na barua ya paroko pekee humpendelea anayejulikana parokiani (mtoto wa Mwislamu aipate wapi?). Afadhali kamati iulize yanayoonekana: wategemezi ni wangapi, shamba lina ukubwa gani, nani anaugua, kisha mjumbe afike nyumbani. Mtasema watu watadanganya. Wapo watakaodanganya, ndiyo maana msaada uhakikiwe upya kila mwaka. Pingamizi zito zaidi ni la mzazi anayelipa ada kamili: kwa nini abebe mzigo wa mwenzake? Huyo aonyeshwe fungu la msaada ni kiasi gani na linatoka wapi, kwa wafadhili, wahitimu au ada yake mwenyewe. Majina ya wanaosaidiwa yabaki ndani ya kamati, mtoto asije akanyooshewa kidole mstarini.