Mgongo Mrefu, Miguu Mifupi: Kumtunza Dakshundi Mdogo

Haya ni mazungumzo ya daktari wa mifugo wa kaunti na wakazi waliofika na mbwa wao kwenye siku ya chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa.

Asanteni kwa kuamka mapema na kuja na mbwa wenu. Mnapongojea zamu, ningependa tuzungumze kidogo kuhusu mbwa mmoja ambaye nimemwona kwenye foleni hii zaidi ya mara moja. Ni yule mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, mnayemwita mbwa wa soseji. Jina lake hasa ni dakshundi, na hawa mliowaleta ni wa aina ndogo.

Tuanze na alikotoka. Jina hilo ni la Kijerumani. Dachs ni mnyama wa Ulaya anayechimba mashimo, jamaa wa mbali wa nyegere wetu, na Hund ni mbwa. Wawindaji wa Ujerumani walitaka mbwa wa kuingia shimoni, amkabili mnyama huyo gizani, na abweke kwa nguvu ili walio juu wajue mahali pa kuchimba. Kwa vizazi vingi wakachagua wenye miguu mifupi, kifua cha nguvu na moyo usioogopa. Aina ndogo walizalishwa kwa ajili ya kuwinda sungura, ambao mashimo yao ni membamba zaidi. Mwaka wa 1888 wafugaji wa huko waliunda chama cha mbwa hawa, na hadi leo Wajerumani humpima ukubwa kwa mzingo wa kifua, kwa sababu kifua ndicho huamua kama atapenya shimoni. Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Munich mwaka wa 1972, dakshundi aitwaye Waldi ndiye aliyekuwa mnyama wa nembo ya michezo hiyo.

Kwa hivyo akichimba shamba lako la sukuma wiki, au akimbwekea kila anayepita langoni, usidhani amekosa adabu. Anafanya kazi aliyozalishwa kuifanya. Mtengee pembe yake ya kuchimba na umtembeze kila siku. Kumchapa hakutamfundisha lolote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe nafasi hii. Miguu ile mifupi inatokana na hitilafu ya kurithi katika ukuaji wa gegedu, na hitilafu hiyo haikuishia miguuni. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vinavyozuia mifupa isigongane. Kwa dakshundi, visahani hivyo hukauka na kuwa vigumu angali kijana. Siku moja anaruka kutoka kwenye kochi, kisahani kinapasuka na kubana neva kuu ya mgongo. Karibu dakshundi mmoja kati ya wanne au watano hupata tatizo hili maishani, mara nyingi akiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 7.

Mzee mmoja aliniletea dakshundi wake wa miaka mitano. Jumatatu mbwa alikataa kupanda ngazi, na alilia alipobebwa. Jirani akasema ni baridi tu. Akapewa nusu tembe ya dawa ya maumivu ya binadamu. Ijumaa akaletwa ndani ya kikapu, miguu ya nyuma imelegea. Nilimbana kidole cha mguu kwa koleo, hakuhisi kitu. Mzee akaniuliza, "Daktari, na kama ningekuja Jumatatu?" Ilinibidi nimwambie ukweli, kwamba Jumatatu tungekuwa na nafasi nzuri zaidi. Mbwa yule hakusimama tena.

Lawama nyingine ni yangu. Nilikuwa nimemchanja mbwa huyo miaka miwili mfululizo, na sikuwahi kumwambia mwenyewe neno moja kuhusu mgongo. Ndiyo sababu leo nasema mbele yenu wote.

Basi shikeni haya.

Kwanza, uzito. Dakshundi mdogo aliyekomaa hafai kuzidi takriban kilo 5. Mpapase ubavuni; ukikosa kuzihisi mbavu, punguza chakula. Mabaki ya ugali na mafuta ya nyama yanamnenepesha haraka. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake.

Pili, kuruka. Asiruke kwenye kochi, kitanda wala kutoka garini. Ubao wa mteremko uliofunikwa kwa kipande cha zulia unatosha. Lakini msimfungie siku nzima, maana kutembea hukaza misuli inayoshikilia mgongo.

Tatu, kumbeba. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, mgongo ulale sawa. Wafundisheni watoto wasimwinue kwa kwapa. Akitembezwa, afungwe mkanda wa kifua badala ya kamba ya shingo.

Nne, dalili. Akikunja mgongo, akilia akiguswa, akiyumba, akikataa kuruka au akiburuta miguu, mweke ndani ya boksi au chumba kidogo atulie, kisha mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Asipoweza kusimama, ni dharura, hata kama ni usiku. Msimkande mgongo, wala msimpe paracetamol au ibuprofen. Dawa hizo zinaweza kumuua.

Tano, kuzalisha. Mbwa aliyewahi kuugua mgongo asizalishwe. Na msipandishe dakshundi wawili wenye rangi ya mabakabaka, kwani watoto wao wanaweza kuzaliwa vipofu au viziwi. Ukinunua mtoto, omba kumwona mama yake anavyotembea.

Mwisho ni hili lililotuleta hapa. Udogo wa mbwa haumkingi dhidi ya kichaa. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Nchi yetu imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka wa 2030 asife tena mtu kwa kichaa cha mbwa, na lengo hilo linategemea foleni kama hii.

Dakshundi anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 12 na zaidi. Binadamu ndio tuliomuumba na mgongo huo kwa ajili ya haja zetu, basi kuulinda ni deni letu. Mwenye swali asiondoke. Nipo hapa hadi mbwa wa mwisho achanjwe.